Dirisha la Katikati

Inspekta Courtade alipofika Vaulorme aliambiwa kesi imekwisha. Aliyemwambia ni Sajini Tauvin, mkuu wa kituo cha askari cha kijijini, aliyekuwa amejikalisha kwenye ngazi za mbele za kasri kama mtu aliyealikwa harusini, akisafisha kiko chake kwa kijiti.

"Umechelewa, mkuu," Tauvin alisema. "Muuaji yuko mle." Akaonyesha kwa kiko mnara wa njiwa ulio pembeni mwa ua. "Fundi mwashi, mtu wa Creuse. Jana aligombana na Bwana Markizi mpaka jikoni walisikia. Leo asubuhi Bwana Markizi amekutwa chini ya jukwaa la fundi, amekufa, na nyundo ya fundi iko kando yake. Adhuhuri gari la Bourges linakuja kumchukua. Wewe kunywa kahawa, tia saini yako, urudi Orléans kwa mkeo."

"Sina mke."

"Ndiyo maana unapenda kazi."

Courtade hakucheka. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye koti lililochakaa viwikoni, na kila alipoambiwa kwamba jambo limekwisha alianza kulishuku. Hapa alikuwa na sababu ya kufanya haraka. Léonard Peyrot akishapandishwa kwenye gari lile, hakimu wa Bourges angekuta nyundo, damu na ugomvi, na wazee wa baraza, ambao huku kwetu Berry wote ni wenye mashamba, wasingetaka zaidi. Mgeni asiye na ndugu amemuua mwinyi. Kwa kosa hilo Ufaransa ina mashine moja tu, na mashine hiyo haijawahi kukosa shingo.

"Nionyeshe nyundo," alisema.

Ilikuwa pale pale ilipokutwa, juu ya mawe ya ua, imefunikwa gunia. Maiti ilikwisha kupelekwa kanisa dogo la kasri. Juu ya mahali hapo lilisimama jukwaa la miti lililoegemezwa ukutani upande wa kushoto wa mlango mkuu, na turubai limening'inia chini ya ubao wake wa juu. Courtade alipiga magoti, akaitazama nyundo bila kuigusa, kisha akaigeuza kwa ncha ya kalamu.

"Daktari amesema nini?"

"Kisogo kimepasuka, shingo imevunjika. Nyundo."

"Nyundo haivunji shingo, Sajini."

"Inategemea nani ameishika. Watu wa Creuse wana mikono kama majembe."

"Tazama hapa. Upande wa juu una vumbi la chokaa, mkavu kabisa. Damu iko upande wa chini tu, ule uliolala juu ya mawe. Ukimponda mtu kichwa kwa chuma hiki, damu itaruka huku na huku, na kwenye mpini pia. Hii imewekwa juu ya damu iliyokwisha kumwagika. Mtu ameilaza, polepole, kama anavyoweka kijiko mezani."

Tauvin alitazama nyundo, akatazama mnara wa njiwa. Hakupenda alichokisikia. "Labda mwashi mwenyewe aliidondosha akikimbia."

"Akakimbilia wapi?"

"Tulimkuta ghalani. Anakunywa supu."

"Mkimbizi gani huyo," Courtade alisema, akaelekea mnarani.

Léonard Peyrot alikuwa amekaa chini katikati ya mavi ya njiwa, mikono imefungwa kwa kamba, shavu moja limevimba. Alikuwa na umri wa miaka kama hamsini. Hakuinuka.

"Mligombania nini na Markizi?"

"Nimeshamwambia huyo mwenye masharubu."

"Niambie na mimi."

"Nguzo. Alitaka nianze kubomoa leo. Nikamwambia bila nguzo za kushikilia, ukuta wako utapasuka mpaka kwenye paa. Akasema Jumatatu watu wanakuja, anataka waone mwanga. Nikamwambia basi walete na majeneza yao." Alitema mate pembeni. "Mimi nagombana na kila mwenye nyumba, Bwana. Ningekuwa nawaua, Ufaransa nzima isingekuwa na mtu wa kunilipa."

"Asubuhi ulipanda jukwaani?"

"Sikupanda. Nilikuwa nakula. Hakuna aliyeniona. Ndiyo hivyo, mtu akila peke yake anakuwa muuaji."

"Hilo shavu?"

"Muulize mwenye masharubu."

Tauvin, aliyekuwa mlangoni, alipata ghafla shughuli na kiko chake.

Waliporudi uani walimkuta Bwana Gonzague de Vaulorme akiwangoja. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mrefu, mwenye mvi nzuri, amevaa viatu vya kuwindia na kitambaa cheusi mkononi tayari. Marehemu hakuacha mtoto. Mwanawe wa pekee alibaki kwenye mahandaki ya vita, miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo jina na kasri vilikuwa vimemwangukia Gonzague tangu asubuhi, na Tauvin alikuwa wa kwanza kukumbuka.

"Bwana Markizi," Tauvin alisema, akivua kofia.

"Gari linakuja lini?" Gonzague aliuliza. Hakumtazama Courtade. "Sitaki mtu huyu aendelee kulala na njiwa wangu."

Courtade aliinua macho kuutazama uso wa nyumba. Ulikuwa uso mzuri, wa mawe meupe, umekatwa sawasawa kama karatasi iliyokunjwa katikati: mlango mkuu, juu yake ngao ya ukoo, juu ya ngao madirisha matatu marefu yaliyo pamoja, kisha mabawa mawili yanayofanana mpaka kwenye vigae vyeusi. Nyuma ya vioo vyote mbao nyeupe za ndani zilikuwa zimefungwa. Alihesabu madirisha yale marefu, akapata matatu. Mtu wa mjini, macho yake hayamdanganyi, kwa hiyo hakuhesabu tena.

"Mbona kumefungwa kote?"

"Nyumba ina msiba."

"Nani amefunga?"

"Watumishi." Kisha Gonzague akanyoosha mgongo. "Isipokuwa dirisha la katikati, lile la juu ya ngao. Hilo mtumishi haligusi siku ya msiba. Kwetu Markizi akifa, mrithi wake ndiye analifunga kwa mkono wake, na ndiyo siku anapoishika nyumba. Baba alilifunga kwa babu. Kaka yangu Théodule alilifunga kwa baba. Mimi nilikuwa kijana, nimesimama hapa hapa, namtazama. Asiyelifunga hana nyumba. Hatuna karatasi inayosema hivyo, Inspekta. Hatuhitaji."

"Na leo umelifunga wewe."

"Ungetaka alifunge nani?"

"Ulilifunga saa ngapi?"

"Sikutazama saa. Nilikuwa bandani kwa mbwa. Philomène, mpishi, alimkuta kaka yangu, akapiga kengele. Nikaja mbio, nikamwona, nikamfumba macho. Kisha nikapanda nikafunga dirisha. Umesikia? Au niseme tena polepole, mwenye kuandika aandike?"

"Nimesikia vizuri sana," Courtade alisema. "Sajini naye amesikia."

Alisema hivyo bila nia yoyote. Wakati huo bado hakuwa na kitu mkononi ila nyundo iliyolazwa.

Jikoni palinuka vitunguu na kuni mbichi. Philomène, mwanamke mnene wa makamo, alikuwa akikata mboga kwa hasira, machozi yakimtiririka, na huwezi kujua kama ni ya vitunguu au ya bwana wake. Alipokwenda kuleta maji Courtade aliona anachechemea.

"Mguu una nini, mama?"

"Si mguu, ni nyonga. Nimejigonga asubuhi. Kule ukumbini, kwenye lile sanduku la machela walimokuwa wakibebwa mabibi wa zamani. Linakaa pale miaka mia mbili halibebi mtu, linangoja kunivunja mimi!"

"Hebu nieleze tangu mwanzo."

"Nilitoka mlango wa jikoni kwenda kuchukua mikate langoni. Nikakata kupitia uani. Nikamwona Bwana amelala chali." Alijifuta kwa aproni. "Nikapiga kelele, hakuna aliyesikia. Basi nikapanda zile ngazi za mbele nikasukuma mlango mkubwa. Umri wangu wote humu sijawahi kupita mlango ule, Bwana Inspekta. Si wetu. Hata siku ya harusi yangu nilipita nyuma. Ukajifunga wenyewe nyuma yangu, pu! Giza totoro. Nikakimbia hivyo hivyo, nikijua kamba ya kengele iko miguuni mwa ngazi. Mara sanduku! Nikapapasa, nikapapasa, mpaka nikaikamata kamba."

"Giza? Jua lilikuwa limetoka."

"Limetoka kitambo."

"Na nyumba inatazama mashariki, na ukumbi una madirisha matatu marefu kuliko watu wawili."

"Mimi nakwambia nilichokiona."

"Kwenye giza?"

"Nilichokigonga, basi!" Philomène alipiga kisu ubaoni. "Nikuonyeshe nyonga? Sajini ageuke nyuma nikuonyeshe!"

Tauvin aligeuka nyuma kwa haraka ya kutosha. Courtade hakutaka kuona nyonga, lakini alitoka jikoni akiwa na shaka na mpishi. Anayesema palikuwa na giza penye jua ana kitu anakificha. Huenda hakupitia ukumbini. Huenda alikuja kwanza na nyundo, kisha akaenda kengeleni kwa njia nyingine. Wafungwa wawili wangemfurahisha Sajini kuliko mmoja.

"Philomène?" Tauvin alisema walipokuwa wakizunguka nyumba. "Ana kisu, ana ulimi, lakini yeye ndiye aliyemlea mtoto wao aliyekufa vitani. Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi."

Courtade alipanda ngazi za mbele, akausukuma mlango wa mwaloni, akaingia. Mlango ulijifunga nyuma yao kwa uzito wake. Courtade alisimama. Hakuona hata mkono wake mwenyewe. Pembeni yake alimsikia Tauvin akigonga kitu na kutaja jina la Mungu.

"Sanduku?" Courtade aliuliza.

"Sanduku," Tauvin alisema kwa sauti ya maumivu.

Courtade aliwasha kiberiti, akapanda ngazi kuu mpaka pale zinapogawanyika. Hapo alipaswa kuwa na madirisha matatu mbele yake. Upande wa kushoto alikuta ukuta wa mbao zilizonakshiwa, bila ufa. Upande wa kulia, picha ya babu mmoja mwenye nywele za bandia na mbwa miguuni. Katikati tu ndipo palipokuwa na dirisha, limefungwa mbao zake mbili kwa komeo la chuma. Kiberiti kikamuunguza vidole.

Alivuta komeo, akafungua mbao. Mwanga uliingia ukashuka ngazi zote, ukafika kwenye sakafu ya mawe meupe na meusi, kwenye lile sanduku la machela lenye maua ya dhahabu, na kwa Tauvin aliyelishikilia huku akisugua goti. Kila kitu kilionekana, hata vumbi. Alifunga tena. Giza. Akafungua.

"Mkuu, unafanya nini?"

Courtade alifungua na kioo chenyewe, akavuka kizingiti cha dirisha, akajikuta amesimama juu ya ubao wa jukwaa la mwashi. Ubao ulikuwa umetandazwa kutoka hapo hadi kushoto. Akatembea juu yake mpaka kwenye dirisha la pili, lenye vioo vyake na mbao zake nyeupe, akaukwaruza ukingo wa kioo kwa kucha. Ukabanduka unga wa chokaa wenye rangi ya kijivu. Lilikuwa limechorwa. Akatazama chini: mawe ya ua, na doa jeusi chini yake kabisa.

"Mume wangu naye alisimama hapo," sauti ilisema kutoka ndani. "Usirudi kinyumenyume."

Bibi Sidonie, mjane wa Markizi, alikuwa juu ya ngazi, ameshika kitabu cha sala. Macho yake yalikuwa makavu, na Courtade alishalisikia hilo likisemwa uani: kwamba Bibi hajalia. Alirudi ndani taratibu.

"Nilidhani ni matatu," alisema.

"Kila mtu hudhani. Ndivyo ilivyokusudiwa. Kodi ya madirisha ilipokuja baada ya mapinduzi, mmoja wa mababu wa mume wangu aliziba mawili abaki analipia moja. Giza aliweza kulivumilia. Uso wa nyumba usiolingana hakuweza. Akamleta mchoraji kutoka Tours ayachore kwa nje yale aliyoyaziba, na ayachore yamefungwa, ili siku za msiba yafanane na la kweli." Alisema haya yote kama anayesoma bei za sokoni. "Mwaka huu serikali imeifuta kodi. Théodule akasema yote yafunguliwe."

"Kwa nini haraka? Nimesikia habari za Jumatatu."

"Jumatatu wakili anakuja na hati. Théodule alikuwa anaitoa nyumba. Kwa watoto wenye kifua kikuu, wale wa viwandani Vierzon. Madaktari walisema itafaa ikiwa itapata madirisha." Akakihamishia kitabu cha sala mkono wa pili. "Kama unataka kujua, mimi nilipinga. Nimepinga toka Pasaka. Niliolewa katika nyumba hii na nilitaka kufia humu. Sasa nishuku."

"Nimeshaanza, Madam."

"Vizuri. Mtu wa kwanza leo anayefanya kazi yake."

"Shemeji yako alijua habari za hati?"

"Aliambiwa juzi mezani. Alimaliza jibini yake, akakunja kitambaa, akaenda kwa mbwa."

Nje palisikika honi. Gari la Bourges lilikuwa limeingia langoni, mapema. Tauvin alimtazama Courtade kama mtoto anayengoja kuruhusiwa kwenda kucheza.

"Nimlete mwashi?"

"Mlete Bwana Gonzague kwanza. Hapa, juu. Mwambie ninataka kufunga faili, ninahitaji neno lake moja."

Gonzague alikuja akivua glavu. Alipoona dirisha limefunguliwa alisimama ghafla, na uso wake ukawa mwekundu.

"Nani amefungua hili?"

"Mimi," Courtade alisema. "Niwie radhi. Nilihitaji mwanga, kwa sababu humu hakuna mwanga mwingine. Ndiyo maana Philomène aliumia nyonga asubuhi. Alipoingia ukumbini kukuita, palikuwa na giza totoro."

"Philomène ana kelele nyingi."

"Ana jeraha pia. Sasa nisaidie, Bwana, maana kichwa changu ni kidogo. Giza lilikuwemo kabla kengele haijalia. Maana yake dirisha hili lilikuwa limekwisha kufungwa kabla mtu yeyote hajajua kwamba kaka yako amekufa. Nawe umesema ulilifunga baada ya kengele."

Tauvin aliacha kusugua goti lake.

"Kaka yako hakulifunga," Courtade aliendelea kwa upole. "Alipita hapa kwenda jukwaani kutazama kazi, na komeo liko ndani. Kwa hiyo mtu alibaki ndani, akavuta kioo, akafunga mbao, akatia komeo. Huyo ndiye aliyemsukuma. Baadaye alishuka, akachukua nyundo kwenye vifaa, akailaza kwenye damu. Sasa, gari liko uani. Mwashi anaweza kuwa ndiye aliyeingia humu akalifunga. Ukiniambia kwamba ulipopanda ulikuta limefungwa tayari, na kwamba zile habari za mkono wako zilikuwa maneno ya mtu mwenye uchungu, nitaandika hivyo. Mwashi ataondoka, na sote tutakwenda kula. Neno moja tu. Ulilikuta limefungwa?"

Tauvin aligeuza macho kutoka kwa Courtade hadi kwa Gonzague. Hata yeye sasa aliona kilichotandikwa pale. Ukitaka kumwokoa mtu huwezi kumtupia kamba nzuri kuliko ile. Gonzague aliitazama.

"Inawezekana," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Asubuhi ile… nilichanganyikiwa. Inawezekana nililikuta limefungwa."

"Na mwashi."

"Na mwashi. Ndiyo. Labda."

Courtade alitoa kalamu. Lakini aliyesema hakuwa yeye.

"Basi hukumfungia kaka yako," Bibi Sidonie alisema.

"Sidonie, kaa kimya."

"Nauliza tu. Nataka nijue nitawaambia nini watu kanisani. Dirisha la Théodule limefungwa na fundi kutoka Creuse, mikono ya chokaa. Na mrithi akalikuta limekwisha kufungwa, akaondoka zake. Kwa hiyo nyumba hii leo haina Markizi. Au anaye, yuko kwenye mavi ya njiwa."

"Nyamaza!"

"Baba yako angesema nini, Gonzague? Alikusimamisha pale uani utazame, ujue inavyofanywa. Na siku yako ilipofika, mwashi amekutangulia."

"Hakuna mwashi aliyeligusa!" Sauti ya Gonzague ilipiga kwenye kuta zote za ukumbi. "Mnadhani ningeruhusu? Yeye alikuwa anaitoa nyumba kama mtu anayetoa nguo kuukuu! Vitanda vya chuma ukumbini, watoto wa makuli wanatema damu kwenye ngazi hizi! Alikuwa amesimama pale nje, amenipa mgongo, ananiambia mwanga utakavyokuwa mzuri. Nimelifunga mimi. Alikuwa bado anakoroma kule chini nilipolifunga, na nimelifunga sawasawa, mbao ya kulia kwanza, kisha ya kushoto, kama baba. Mimi ndiye Markizi wa Vaulorme. Andika hivyo!"

Courtade aliandika hivyo. Haikuchukua mistari mingi. Kisha akamgeuzia Gonzague karatasi, naye, akiwa bado anatweta, akaitia saini kwa jina refu lenye cheo chote.

Bibi Sidonie alikuwa amekaa kwenye ngazi. Sasa alikuwa analia, kwa sauti, mdomo wazi, bila kujificha, na hakuna aliyethubutu kumkaribia.

Wakashuka. Uani dereva wa Bourges alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa gari na kushika pingu, akitafuta kwa macho mtu mchafu wa kuvalishwa. Tauvin alizichukua pingu zile, akasimama mbele ya Gonzague, na kwa muda hakujua afanye nini na mikono yake. Baba yake alikuwa mtunza mbwa wa kasri hili. Mwishowe alivua kofia.

"Kwa ruhusa yako, Bwana Markizi," alisema, akamfunga kwa upole, akiangalia chuma kisimbane.

Courtade alikuwa amekwenda mnarani mwenyewe kukata kamba. Léonard Peyrot alitoka akikunja macho kwa jua, akaliona jambo lile lote: kofia iliyovuliwa, mkono wa Sajini chini ya kiwiko cha muuaji akimsaidia kupanda. Aligusa shavu lake.

"Mimi nilivutwa kwa ukosi," alisema.

Tauvin alisikia. Alifunga mlango wa gari bila kugeuka, na masikio yake yakawa mekundu mpaka chini.

Gari lilipotoka langoni, Bibi Sidonie alikuja kuvuka ua, kitabu cha sala bado mkononi, uso umevimba. Alisimama mbele ya mwashi. Huku kwetu mabibi wa kasri hawaombi radhi, hawajui inaanzia wapi, na yule naye hakujaribu.

"Wakili anakuja Jumatatu," alisema. "Sheria hairithishi muuaji, kwa hiyo nitatia saini mimi. Unaweza kuanza lini?"

Léonard alilitazama jukwaa lake, akaitazama damu juu ya mawe, akamtazama mwanamke.

"Nikishamaliza supu yangu, Madam," alisema. "Na ninataka nguzo."